Mgeni wa Pasaka

  Leo twawaomba mfungue Kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza, kuanzia aya ya sita mpaka mwisho wa sura. Asiye na Biblia karibu asihangaike, tutamsimulia.

Lakini kabla hatujafika Bethlehemu hatuna budi kupita Kitengela, tena tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwaka 2023 Pasaka iliangukia tarehe 9 Aprili. Ninyi mnaokaa katika miji yetu hii mwajua mambo yalivyo. Wakati wa Krismasi wengi husafiri kwenda kwao mashambani, na mji hubaki mtupu kama soko jioni. Pasaka wengi hubaki. Basi siku ile kanisa letu lilijaa pomoni, hata watu wakakaa nje chini ya turubai. Mabenchi ya nyuma, ambayo Jumapili nyingine huwa ya mwanzi na panya, hayakuwa na nafasi ya kutia mkono. Tulipomaliza mahubiri tuliutazama umati ule, tukafurahi, na katika furaha hiyo tukasema kwa mzaha, "Wageni wetu wa kila mwaka, karibuni sana. Tutaonana tena Pasaka ijayo, Mungu akipenda." Watu wakacheka. Nasi tukacheka. Wale wanaokuja kila Jumapili ndio waliocheka zaidi.

Majuma machache baadaye mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitujia nje ya kanisa. Si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mchungaji, yule mwenzangu mliyemcheka siku ya Pasaka hajakanyaga kanisa tangu siku ile. Si letu wala si lao."

Alisema "lao" kwa sababu mumewe ni Mkatoliki. Siku ile ya Pasaka alikuwa amekubali kufuatana na mkewe na watoto kuja kwetu, naye alikuwa amevaa koti lake la harusi.

Twakiri kwamba tulichukua majuma mengine matatu kabla ya kwenda nyumbani kwake. Aibu ina miguu mizito. Hatimaye tulikwenda Jumatatu alasiri, kwa kuwa yeye hufanya kazi usiku katika kiwanda cha nguo huko EPZ, Athi River, na asubuhi hulala. Alitupokea kwa heshima, akamwambia mtoto alete chai. Tukaomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, mimi si mgeni. Nilibatizwa nikiwa mtoto wa majuma mawili. Nilikuwa mtumishi wa altare kule kwetu Machakos. Hakuna mtu anayepaswa kunikaribisha kanisani kana kwamba nimetoka nchi nyingine."

Ndugu msikilizaji, neno hilo tumelichukua mpaka leo. Yule tunayemwita mgeni wa Pasaka, mara nyingi ni mwana wa nyumba. Yeye hasa ajua kwamba ni wa nyumba. Sisi tulio ndani ndio tusiojua.

Tukamwomba atueleze imekuwaje. Alisimulia polepole, na tulipokuwa tukisikiliza tuliona kwamba hakuna siku hata moja aliyoamua kuliacha kanisa. Watu wengi hawaliachi kanisa kwa kuamua. Huliacha kama mtu anavyoacha kumtembelea shangazi: juma hili kuna kazi, juma lile kuna mvua, kisha miezi imepita na sasa aona haya, ataanzaje?

Alikuja Kitengela mwaka 2008 kutafuta kazi, kama walivyokuja maelfu. Mji huu, ambao wazee wakumbuka ukiwa ni maduka machache ya Noonkopir na malisho ya Wamasai pande zote, ulikuwa na watu zaidi ya 58,000 katika hesabu ya mwaka 2009, na zaidi ya 154,000 katika hesabu ya mwaka 2019. Ni wapi hapa Kenya ambapo majirani wameongezeka hivyo kwa miaka kumi? Mtu ahamia nyumba ya kupanga, na kabla hajalijua jina la jirani yake, jirani amehama. Katika mji wa namna hii mtu aweza kukaa miaka kumi na mitano na bado akasema, "Kanisa langu liko nyumbani." Ndivyo alivyosema rafiki yetu huyu. Kila alipoombwa mchango wa kanisa la kwao Machakos aliutuma kwa simu bila kukosa. Hapa Kitengela alikuwa akienda Misa mara mojamoja, akakaa nyuma, akatoka mapema. Hakuna aliyemjua, naye hakujijulisha.

Hapa twataka kueleza jambo ambalo Wakatoliki wengi wenyewe hawalijui, nasi tulilijua kwa kulisoma tu. Sisi Waanglikana tumezoea kuandikwa katika daftari la kanisa, na mtu akihama huja na barua. Barua ni njema, na parokia nyingi za Kikatoliki huiomba pia. Lakini sheria ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1983, haianzi na barua. Inaanza na mahali mtu analala. Mkatoliki akikaa katika mipaka ya parokia akiwa na nia ya kubaki huko, au akiisha kukaa miaka mitano kamili, hapo ndipo kwao kisheria, na paroko wa mahali hapo ndiye mchungaji wake. Hata aliyekaa miezi mitatu tu amekwisha kupata makao ya namna fulani, na kwa makao hayo ana paroko. Tena sheria hiyohiyo yamwagiza paroko ajitahidi kuwajua waumini wake na kuwatembelea katika nyumba zao. Basi yule anayesema kanisa lake liko Machakos au Kisii au Nyeri, kumbe anayo parokia hapahapa Kitengela tangu alipofungua mlango wa chumba chake cha kupanga. Haombi kuingia. Yumo tayari.

Sababu ya pili ilikuwa ugonjwa wa korona. Wote twakumbuka Machi 2020 makanisa yalipofungwa. Yalipofunguliwa Julai mwaka huohuo ilikuwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na wasije walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Masharti hayo yalikuwa na maana yake, maana wazee ndio waliokuwa wakifa. Lakini fikirini nyumba ya rafiki yetu. Ni nani aliyekuwa akiamsha nyumba nzima Jumapili asubuhi? Ni mama yake mzee, aliyekuwa akikaa nao. Ni nani aliyekuwa akimvuta baba mkono, akitaka kwenda kuimba? Ni kitinda mimba wa miaka sita. Bibi amezuiwa, mtoto amezuiwa, baba ametoka kazini alfajiri. Nani aende? Na masharti yalipokwisha kuondolewa, bibi alikuwa amerudi Machakos na mtoto alikuwa amezoea katuni. Mara nyingi wahubiri huwalaumu watu wa wakati ule kwamba imani yao ilikuwa nyepesi. Sisi twaona kwamba katika nyumba nyingi bibi na mtoto ndio waliokuwa kengele ya kanisa, na kengele ilinyamazishwa.

Tulimwuliza, "Hata mara moja hukwenda tena?"

Akasema, "Nilikwenda Jumatano ya Majivu. Hiyo siikosi."

Nasi tukashangaa, maana kwa sheria yao Jumatano ya Majivu si siku ya lazima kama Jumapili au Krismasi. Mbona basi siku hiyo parokia hujaa asubuhi na jioni, watu wakija na sare zao za kazi, wengine wakishuka kutoka kwenye pikipiki na injini ikiendelea kunguruma? Yeye alitupa jibu ambalo hatukulipata katika chuo cha theolojia. Alisema, "Siku ya majivu, Mchungaji, kila mtu huenda mbele. Hakuna anayebaki kwenye benchi akitazamwa." Wakati wa Komunyo, asiyeweza kupokea hubaki ameketi, au husimama kando awapishe wenzake, na moyoni mwake anaona kama macho yote yako juu yake. Majivu hayambagui mtu. Mtoto hupakwa, mlevi hupakwa, hata sisi Waanglikana tukienda hatufukuzwi. Mara moja kwa mwaka mtu huyo hufika mbele ya altare na kuguswa.

Tukaelewa kwamba ipo sababu ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Lakini tuiache kwanza, tutoke Kitengela tufuate barabara ya Namanga, tupite Isinya, tufike Kajiado. Maana huko mgeni wa Pasaka ni wa namna nyingine, na ndiye aliyetufundisha kukisoma vizuri kitabu cha Ruthu.

Jimbo Katoliki la Ngong, lililofanywa jimbo kamili mwaka 1976, ndilo linalohudumia Kajiado na Narok. Kwetu sisi Waanglikana, dayosisi ya Kajiado ilianza mwaka 1993. Makanisa yote mawili yana tatizo moja huku: kondoo wetu wenyewe wana kondoo, na mbuzi, na ng'ombe. Mvua ikikosa kunyesha, mfugaji hawezi kuketi akingoja Jumapili. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa mwaka 2023 mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo. Wanaume walihamisha mifugo mbali sana, wengine hata ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Waliondoka na makundi, na wengi walirudi na fimbo tu.

Mzee mmoja wa Kimasai, Mkatoliki, tulikutana naye katika mazishi upande ule wa Kajiado. Tulipomwuliza anasali kigango gani, aligeuza uso. Baadaye tulipozoeana alisema kwamba kabla ya ukame, kigango chao kilikuwa kinachangisha fedha za mabati, naye aliahidi mtamba mbele ya watu wote. Jina lake liliandikwa. Kisha mtamba yule akafa, na mama yake mtamba, na karibu boma zima. Aliporudi, Jumapili ya kwanza alimsikia mwenyekiti akisoma orodha ya ahadi zisizotimizwa. Jina lake lilikuwa la nne. "Tangu siku hiyo," alisema, "nikiliona lile kanisa naona lile deni." Alikuwa akienda siku ya Pasaka tu, kwa sababu Pasaka ibada ni ndefu na hakuna nafasi ya kusoma orodha.

Sasa fungueni Ruthu. Naomi alitoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa. Alikwenda nchi ya Moabu pamoja na mumewe na wanawe wawili, wakakaa huko kama miaka kumi, akawazika wote watatu. Kisha akasikia kwamba Bwana amewapa watu wake chakula, akaondoka kurudi. Jambo hilo lenyewe latufundisha: hakurudi kwa kuwa alihubiriwa. Alisikia habari kwamba nyumbani kuna mkate. Anafika, na mji mzima wataharuki kwa ajili yake, na wanawake waulizana kama ndiye. Wamemsahau uso, lakini jina hawajalisahau. Yeye ajibu kwa uchungu, awataka wamwite Mara, yaani mwenye uchungu, kwa kuwa alikwenda akiwa amejaa na amerudi mtupu.

Sasa angalieni yale wasiyosema wanawake wa Bethlehemu. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi tukitafuta, na hatuoni mahali wanapomwuliza, "Ulikuwa wapi miaka kumi?" Hatuoni wakimwambia kwamba wenzake walivumilia njaa hapohapo bila kukimbilia kwa Wamoabu, ingawa lilikuwa neno la kweli na wangeweza kulisema. Wala hawamwiti Mara. Mwandishi aendelea kumwita Naomi mpaka mwisho wa kitabu, na katika sura ya nne wanawake walewale ndio wanaomzunguka na kufurahi naye, ndio wanaompa mtoto wa Ruthu jina. Alirudi mtupu, nao hawakumsomea orodha.

Yule mzee wa Kajiado alirudishwaje? Si kwa mahubiri, wala si sisi tuliofanya kazi hiyo. Tulimdokezea katekista wa kigango chao, mtu mnyenyekevu mwenye pikipiki iliyochoka. Katekista alikwenda bomani kwa mzee akiwa na lile daftari la ahadi. Mzee alipoliona alifikiri amekuja kudaiwa. Katekista akalifungua, akatoa kalamu, akalifuta jina lile mbele ya macho yake, akasema, "Mtamba alikufa, Mungu alimwona akifa." Kisha wakanywa chai. Twaambiwa mzee sasa husali mara mbili tatu kwa mwezi, kulingana na malisho. Kwa mfugaji hiyo si haba.

Turudi Kitengela, kwa ile sababu ya tatu.

Rafiki yetu na mkewe walifunga ndoa mwaka 2014, na ndoa ilifungwa katika kanisa la Kianglikana, kwao mama. Ilikuwa harusi nzuri, na picha iko ukutani. Ila mchungaji aliyewafungisha, tusiyemtaja, hakumwuliza bwana harusi kama amezungumza na padre wake, naye bwana harusi hakujua kama yampasa. Baadaye mfanyakazi mwenzake akamwambia, "Wewe umefunga ndoa nje, huruhusiwi Komunyo, na ukifa hutazikwa na padre." Maneno hayo yalimwingia kama mwiba. Hakumwuliza padre hata siku moja, akiogopa kuyasikia yakithibitishwa. Alijihukumu mwenyewe, akajifunga kwenye benchi la nyuma kwa miaka tisa.

Hapa twasema wazi tuliyoyajua baadaye, kwa kuwa huenda wewe unayesikiliza umo katika shimo hilohilo. Katika maneno ya yule mfanyakazi mwenzake mlikuwa na kweli kidogo na uongo mwingi. Kweli ni hii: Mkatoliki akioana na Mkristo wa kanisa lingine yampasa kupata kibali cha askofu wake, na akitaka ndoa ifungwe mbele ya mchungaji wa kanisa hilo lingine, aombe na ruhusa ya pekee kwa hilo. Asipofanya hivyo, Kanisa Katoliki haliihesabu ndoa hiyo kuwa imefungwa sawasawa. Kwetu sisi ndoa ile ni ndoa, na serikali yaijua kuwa ndoa. Twakiri kwamba tulipoelezwa hayo ilituuma kidogo. Lakini hatukwenda kule kubishana.

Uongo ni kwamba ametupwa nje. Mtu wa namna hiyo hakutengwa na Kanisa, na Papa Francis, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, alisisitiza kwamba walio katika hali ngumu za ndoa wasijione wametengwa, bali wasindikizwe. Uongo mwingine ni kwamba jambo hilo haliponi. Laponywa, tena kwa njia mbili. Wenye ndoa waweza kuyarudia maagano yao mbele ya padre na mashahidi wawili, kwa utulivu, bila keki wala magari. Au, kama kurudia kuna ugumu, askofu aweza kuiponya ndoa ile tangu shina lake, bila wao kurudia neno lolote. Na juu ya maziko, sheria yao yawataja wachache tu wanaonyimwa, kama vile walioikana imani waziwazi, au wakosefu wa hadharani ambao kuzikwa kwao na Kanisa kungewakwaza waumini, nao pia ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mtu kutoonekana katika jumuiya, au kutokuwa na kadi iliyojazwa, hatukuliona katika orodha hiyo, ingawa mitaani huzungumzwa kana kwamba limeandikwa kwa jiwe.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kusimulia jaribu lililotupata. Tulipolieleza jambo hili kwa mzee mmoja wa kanisa letu, bila kutaja jina, alisema, "Mchungaji, mbona wajisumbua? Mkewe ni wetu, watoto tumewabatiza sisi. Mwandike na yeye." Lilikuwa neno tamu. Mchungaji gani hapendi kuongeza familia nzima katika ripoti yake ya mwisho wa mwaka? Usiku huo tulilifikiri. Kesho yake tulirudi kwa rafiki yetu tukamwuliza swali moja tu: "Ukiugua usiku wa manane, ukaona huponi, ungependa nani aje kitandani pako?"

Alijibu bila kufikiri, "Padre." Kisha akaona haya, akatuangalia, akasema, "Samahani, Mchungaji."

Hapakuwa na la kusamehe. Tukajua njia ni ipi. Kama mtu mwenyewe ataka kuja kwetu kwa dhamiri yake, mlango u wazi. Lakini kumnasa mtu kwa kuwa ameaibika kwao, hiyo ni sawa na kumwokota mtoto wa jirani aliyepotea sokoni ukampa jina jipya.

Tulifuatana naye kwa paroko. Njiani hakusema neno. Tulikaribishwa chai ya maziwa, tangawizi nyingi mno. Yeye alikuwa ameandaa maneno marefu ya kujieleza, lakini paroko alimwuliza kwanza, "Unakaa upande gani?" Akataja. "Tangu lini?" Akasema tangu 2008. Paroko akaweka kikombe chini. "Basi wewe ni wangu tangu siku hizo, kwa maana hata kabla yangu ulikuwa wa aliyekuwa hapa. Sisi ndio hatukukutafuta." Mambo ya ndoa aliyashika baadaye, moja kwa moja, bila kushtuka wala kufoka, akaandika anachohitaji: cheti cha ubatizo kutoka Machakos, cheti cha ndoa, na siku ya kuzungumza na mke na mume pamoja. Watoto hakukuwa na taabu, maana ubatizo wetu wautambua. Na kitubio? Rafiki yetu alisema amesahau maneno ya kuanzia. Paroko akacheka kidogo, akamwambia wengi wamesahau, aje tu, wataanza pamoja.

Lakini paroko mmoja na watu wale wote, aweza nini? Hapo ndipo wenzetu Wakatoliki wanapotushinda, nasi hatuoni haya kulisema. Maaskofu wao wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliamua kwamba parokia isiwe ni jengo na padre tu, bali ijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache za majirani wanaokutana sebuleni mwa mmoja wao, wakasoma Injili, wakajua nani ni mgonjwa na nani amefiwa. Katika mji wa nyumba za kupanga kama Kitengela, hiyo ni kama kijiji kilichopandwa ghorofani. Ina hatari yake: jumuiya yaweza kugeuka kuwa ofisi ya kuhesabu waliokuja na waliolipa, na hapo humfukuza yuleyule iliyowekwa kumpokea. Tumeona zote mbili.

Siku ya kwanza rafiki yetu alipokwenda jumuiya, mtu mmoja alimwuliza kwa sauti, "Wewe umejificha wapi siku zote?" Hakuwa na nia mbaya, kama sisi siku ile ya Pasaka. Lakini bibi mmoja mzee aliyekuwa akimenya machungwa alidakia, "Alikuwa kazini. Mpeni kiti." Na shauri likaisha. Mkutano wa pili walimpa kazi ya kutunza vikombe vya jumuiya, ishirini na vinne, nyumbani kwake. Mtu mwenye vikombe hawezi kukosa mkutano bila watu kumfuata, hata kama ni kwa ajili ya vikombe. Kwa kuwa yeye hutoka kwenda kazini saa kumi na mbili jioni, walihamisha mkutano mmoja wa kila mwezi ukawa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mkewe angali wetu, huimba kwaya yetu, na siku hiyo ya mwezi huenda naye.

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Cheti cha Machakos kilichelewa sana, maana daftari la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni. Zipo Jumapili ambazo rafiki yetu hulala tu, amechoka, na mkewe hatuambii uongo. Bibi yule wa machungwa humtuma mjukuu wake kumpelekea karatasi ya masomo ya juma, bila neno.

Nasi upande wetu, Pasaka ya 2024 kanisa lilipojaa tena, hatukufanya mzaha. Tuliwaonyesha watu mahali pa kukaa wenye watoto wachanga, tukasema vyoo viko upande gani, tukataja saa za ibada za juma zima, tukaendelea. Wazee wa kanisa tuliwaomba wakae mabenchi ya nyuma na kuwaachia wengine ya mbele. Baadhi yao hawakupenda.

Juma lijalo, wasikilizaji wapenzi, tutaendelea na Ruthu sura ya pili, shambani kwa Boazi, wakati wa mavuno ya shayiri. Someni sura hiyo kabla hatujakutana. Kwaherini.